Alama Huandikwa kwa Ajili ya Nani?

Safari hii napenda tufikiri pamoja juu ya jambo ambalo kwa nje laonekana kuwa la mafundi tu, wala halituhusu sisi tusio mafundi. Jambo lenyewe ni maandishi madogo yanayowekwa kwenye ubao wa vipimo ulio mbele ya rubani katika ndege. Yale yanayomwambia kwamba swichi hii ni ya taa, koki hii ni ya petroli, na mpini huu ukivutwa hewa ya moto itaingia katika injini. Mtu aweza kuuliza, Je, mtu mzima atakaa chini apime wema na ubaya kwa ajili ya neno moja lenye herufi nne lililobandikwa chini ya kitufe? Nami najibu, Naam, na akae. Maana chini ya neno lile dogo liko swali kubwa, nalo ni hili: aliyeandika alama anawiwa nini na mtu atakayeisoma, ambaye yeye hamjui wala hatamwona?

Nasema hasa juu ya ndege zinazojengwa na watu kwa mikono yao wenyewe. Huko Marekani desturi hii imeenea sana. Sheria ya nchi ile yamruhusu mtu kujijengea ndege katika banda la nyumbani kwake, mradi sehemu iliyo kubwa ya kazi ifanywe na watu wanaojenga kwa kujifunza au kwa kujifurahisha, wala si kiwandani. Mwaka 1953 wajenzi wa namna hii walianzisha chama chao katika mji wa Milwaukee, na tangu 1970 mkutano wao mkubwa wa kiangazi umekuwa Oshkosh, katika jimbo la Wisconsin, ambako ndege huja kwa maelfu. Wajenzi hao si matajiri watupu, kama mtu awezavyo kudhani. Wako walimu, wako maseremala, wako wazee waliokwisha kustaafu, na kazi yao huchukua miaka mingi, pengine kumi na zaidi.

Sasa basi, maandishi ya ubao huja mwisho wa kazi. Mabawa yamekwisha kushikizwa, injini imekwisha kunguruma, nyaya zimeunganishwa, na jamaa wanauliza kila Jumapili, Utaruka lini? Mtu aliyevumilia miaka minane kugonga ribiti moja baada ya moja, asiache hata moja iliyopinda, huona uzito kuvumilia siku mbili za kuandika. Hushika kalamu ya wino mzito, akaandika vifupisho anavyovijua mwenyewe, akasema, Nitaandika vizuri baadaye. Na ninyi wenzangu mwajua jinsi hiyo Baadaye ilivyo na miguu mizito.

Njia za kuandika ni nyingi, nami nitazieleza kwa kirefu kidogo, kwa kuwa asiyejua kazi yenyewe hawezi kujua ni wapi mtu hujaribiwa. Njia iliyo rahisi kuliko zote ni utepe wenye gundi, ambao kimashine cha mkononi huupiga chapa na kuukata. Tepe zilizo bora zina maandishi yaliyolala chini ya utando mwembamba wa plastiki, hata kidole kisiguse wino wenyewe. Njia hii haistahili kudharauliwa. Hufaa sana katika miezi ya kwanza, ndege ingali ikijaribiwa na swichi zingali zikihamishwa. Lakini ndege ikiegeshwa juani, chini ya kioo kinachokusanya joto kama tanuri, gundi huchoka, pembe za utepe huinuka, na siku moja neno huonekana limelala sakafuni. Hapo hasara ni mbili: swichi imebaki bubu, na yule aliyeliokota neno hajui lilitoka chini ya swichi ipi, naye aweza kulirudisha mahali pasipo pake.

Njia ya pili ni herufi za kusugua. Herufi hizi huja zimeshikamana na karatasi angavu. Fundi huilaza karatasi juu ya ubao, akasugua kwa ncha butu, na herufi ikahamia kwenye rangi. Zikiwekwa vema hupendeza kama za kitabu. Lakini zenyewe hazina nguvu, hata ukucha waweza kuzikwangua, kwa hiyo hazina budi kufunikwa kwa vanishi. Hapa ndipo saburi ya fundi inapopimwa. Kwanza atoboe matundu yote, maana akitoboa baadaye ataharibu kazi yake. Kisha apake rangi, aiache ikauke kabisa, asafishe ubao, wala asiuguse tena kwa mkono mtupu, kwa kuwa mafuta ya ngozi huzuia herufi kushika. Akiisha kuzipanga herufi zote, vanishi ya kwanza ainyunyize kama umande, aingoje ikauke, ndipo anyunyize tena. Mwenye haraka humwaga nyingi mara moja. Na vanishi ile ile aliyoitumaini iwe kinga huzilainisha herufi, zikajikunja mbele ya macho yake.

Wengine huchapa kwa wino mzito kupitia kitambaa kilichotandazwa kwenye fremu. Wengine huandika nyuma ya kipande cha plastiki angavu, herufi zikiwa zimegeuzwa, kisha hukibandika juu ya ubao. Basi msomaji husoma kupitia unene wa plastiki, na kidole chake hakiufikii wino kamwe. Walio na chombo cha kuchonga hutumia plastiki ya tabaka mbili, nyeusi juu na nyeupe chini. Ncha ya chombo hupenya ile nyeusi, na neno hutokea jeupe. Herufi ya namna hiyo haina wino wa kufutika, ni shimo. Tena iko njia ya alumini, ambayo uso wake hufanywa kwa nguvu ya umeme uwe na vitundu vidogo visivyoonekana kwa jicho. Maandishi huingizwa ndani ya vitundu hivyo, kisha vitundu huzibwa, na neno hubaki chini ya uso mgumu.

Adui za maandishi ni jua, jasho, petroli iliyomwagika, na kitambaa cha mtu mwenye nia njema anayepangusa vumbi. Lakini adui aliye karibu zaidi ni kidole chenyewe, na juu yake nimeona jambo la ajabu. Swichi inayoguswa kila siku ndiyo ambayo maandishi yake hufutika upesi. Lakini swichi hiyo ndiyo isiyohitaji sana maandishi, kwa maana mkono umekwisha kuizoea. Ile isiyoguswa mwaka mzima, ya kufunga petroli moto ukiwaka au ya kumwaga moshi nje, hiyo ndiyo ambayo siku yake ikifika hapana mkono unaoikumbuka. Kwa hiyo mtu akipima ubora wa maandishi yake kwa yale anayoyatazama kila siku, amepima mahali pasipofaa. Yampasa atazame pembeni, penye neno ambalo hakuna aliyelisoma tangu ndege ilipopakwa rangi, aone kama jua halikulila.

Sasa yuko mtu mwenye neno la kujibu, nalo ni neno la haki, lisidharauliwe. Asema, Ndege hii niliijenga mimi. Kila waya niliuvuta kwa mkono wangu. Nikifumba macho naweza kugusa swichi yo yote mtakayoitaja. Je, mwanijia na habari za kuandika, kana kwamba mtu huandika kwenye chungu cha nyumbani kwake, Hiki ni chungu?

Jibu la kwanza ni kwamba mtu huyu anajijua akiwa ametulia. Yeye akiwa na hofu ni mtu mwingine, ambaye hawajakutana bado. Injini ikizimika juu ya miti, mkono hufuata mazoea yaliyo ya zamani kuliko yote, wala hauulizi ruhusa ya akili. Chukueni mfano ulio karibu nasi. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki, ambako tulirithi desturi ya Waingereza, swichi ya ukutani ikibonyezwa chini taa huwaka. Marekani ni kinyume: huinuliwa juu ndipo taa iwake. Mtu wetu akikaa huko miaka mitano atazoea. Lakini mwamshe usiku wa manane kwa kelele za moto, uone mkono wake utakwenda upande gani. Herufi mbili tatu zilizoandikwa wazi humsaidia mtu wa namna hiyo. Kwa hiyo hata yule ambaye hatauza ndege yake kamwe, wala hatampakia mtu, anaye msomaji mmoja anayemwia, naye ni yeye mwenyewe katika saa mbaya.

Jibu la pili ni zito zaidi: ndege huishi kuliko mapenzi ya mtu kwake. Mjenzi huzeeka, macho huingia ukungu, au huhitaji fedha za matibabu, au huvutwa na hamu ya kujenga nyingine. Ndege huuzwa. Ujuzi uliokuwa kichwani mwake hauuzwi pamoja nayo, isipokuwa ule aliouandika.

Habari iliyo maarufu juu ya jambo hili ni ya mwimbaji John Denver, ambaye nyimbo zake zilisikika duniani pote. Tarehe 12 Oktoba 1997, akiwa na umri wa miaka 53, alianguka baharini karibu na Pacific Grove, katika jimbo la California, akafa. Alikuwa peke yake katika ndege ndogo ya aina ya Long-EZ, iliyobuniwa na Burt Rutan na kujengwa na mtu binafsi kwa kufuata michoro. Hakuinunua kwa mjenzi, maana ilikuwa imekwisha kupita katika mikono mingine. Na yeye alikuwa ameipokea siku moja tu kabla ya kifo chake.

Ndege za aina hiyo zina matangi mawili ya petroli, moja kila upande, na rubani huchagua tangi kwa kugeuza koki. Katika michoro ya Rutan mpini wa koki hiyo umewekwa mbele, kati ya miguu ya rubani. Mjenzi huyu aliuweka mahali pengine: ukutani nyuma ya bega la kushoto la rubani. Ili kuugeuza, mtu alilazimika kujipinda katika kiti chake na kupeleka mkono nyuma. Mpini wenyewe haukuwa na alama ya kuonyesha upande upi ni wa tangi lipi, na upande upi hufunga kabisa. Tena vile vioo vya kuonyesha kiasi cha petroli, vilivyokuwa nyuma ambako rubani hakuweza kuviona pasipo msaada wa kioo cha mkononi, navyo havikuwa na alama za kipimo.

Denver hakuwa mgeni wa kurusha ndege. Alikuwa amefanya hivyo miaka mingi. Wala shida ya koki haikufichika kwake. Kabla ya kuruka alizungumza juu yake na fundi, wakajaribu kuurefusha mpini kwa koleo, wakaona haufikiki hivyo pia. Alipoulizwa habari za petroli alisema hahitaji kuongeza, kwa kuwa ataruka kwa muda wa saa moja tu. Basi akaruka, akafanya mazoezi ya kutua na kuinuka, kisha akaelekea pwani. Watu waliokuwa chini walisikia mngurumo ukipungua, wakaiona ndege ikishuka ghafula.

Baraza la Taifa la Usalama wa Usafiri la Marekani lilichunguza, likatoa hukumu yake kwa maneno yaliyopimwa. Sababu yenyewe, lilisema, ni kwamba rubani aliondoa fikira zake katika kuiongoza ndege, na mguu wake ukakanyaga usukani wa kulia pasipo kukusudia, alipokuwa akihangaika kugeuza koki. Tena hakujitayarisha ipasavyo kabla ya kuruka, maana hakuongeza petroli. Kisha likataja mambo yaliyochangia: mjenzi kuweka mpini usio na alama mahali pagumu kufikiwa, vioo vya petroli visivyo na alama, na rubani kutofunzwa vya kutosha na kutoizoea ndege ya aina ile.

Napenda tuipime hukumu hiyo, kwa kuwa watu wengi wakiisoma hugawana mara moja makundi mawili. Wa kwanza husema, Kosa ni la rubani, alijua na akaruka, mwacheni mjenzi. Wa pili husema, Mjenzi ndiye aliyeweka mtego. Mimi naona makundi yote mawili yamekosea kwa namna moja, maana wameifanya lawama kuwa kama mkate: mmoja akikata kipande kikubwa, mwenziwe hubakiwa na makombo. Lawama haigawanyiki hivyo. Rubani aweza kubeba ya kwake yote, na mjenzi ya kwake yote, wala uzito wa mmoja haumpunguzii mwingine hata chembe.

Tena tusimwonee mjenzi. Alikuwa na sababu, na sababu yake ilikuwa nzuri: hakutaka bomba la petroli lipite mahali alipokaa mtu. Alifikiri juu ya moto, akauhamisha mpini kwa ajili ya usalama. Wala hakuna sheria iliyomkataza kuacha michoro. Lakini hapa ndipo ninapoona deni lake lilipoongezeka. Afuataye desturi ya wote ameazima maandishi ya wote; hata asipoandika neno, mtu anayeijua ndege ya aina ile atanyosha mkono kati ya miguu yake na kuukuta mpini. Aiachaye desturi, hata kwa sababu njema, ameufuta ujuzi wa watu wengi kwa mara moja, naye imempasa kuandika mahali pake. Kadiri mtu anavyotoka mbali na njia iliyozoewa, ndivyo alama zake zinavyopaswa kuwa kubwa na ngumu.

Je, maandishi yangalimwokoa Denver? Juu ya mpini, nina mashaka. Maana neno lililoandikwa nyuma ya bega la mtu halisomwi na mtu anayeiongoza ndege futi mia chache juu ya maji. Lakini juu ya vile vioo vya petroli nafikiri zaidi. Hivyo havikutazamwa katika hofu. Vilitazamwa chini, ndege imesimama, wakati wa kutosha upo na mtu wa kuuliza yupo. Na waliovitazama walikisia tu. Kama pangalikuwapo mistari michache iliyochongwa, yenye namba za galoni, mtu angalisoma kiasi badala ya kukikisia, na labda angaliita gari la petroli. Kwa hiyo kazi kubwa ya alama mara nyingi hufanyika kabla ya hatari, katika utulivu, wakati hakuna anayefikiri kwamba anaokolewa.

Sheria nayo yafaa kutazamwa. Kwa ndege kubwa za abiria, sheria za Marekani zaagiza kwamba alama zinazotakiwa ziwekwe mahali pa wazi, wala zisiwe za kufutika, kuharibika au kufunikwa kwa urahisi. Amri hiyo haimfungi ajengaye bandani kwake. Yeye huagizwa mengine. Karibu na kila mlango aandike neno la kutangaza kwamba ndege ni ya majaribio, kwa herufi zisizopungua inchi 2 wala kuzidi 6. Ndani abandike onyo kwa abiria, kwamba ndege hii haikujengwa kiwandani wala haifuati masharti ya ndege za kawaida. Tena aweke kibao cha utambulisho chenye jina la mjenzi, aina ya ndege na namba yake. Na kibao hicho kiwe cha madini yasiyoungua, maandishi yake yawe yamechongwa au kupigwa chapa, nacho kifungwe hata kisipotee katika ajali.

Nilipofikiri juu ya agizo hilo la mwisho nilitikisa kichwa kidogo. Jina la mjenzi lapaswa kupita motoni lisiungue. Lakini neno la kuonyesha petroli iko wapi, hilo laweza kuandikwa kwa kalamu, kama mkaguzi ataridhika nalo. Najua sababu yake: wachunguzi wakija kukusanya vipande yawapasa kujua ndege ilikuwa ya nani. Baada ya ajali ile Baraza liliwashauri wakuu wa usafiri wa anga kwamba wakaguzi watazame pia alama za vyombo na urahisi wa kuvifikia, kabla ya kutoa cheti. Shauri jema. Lakini mkaguzi huja mara moja, maandishi yakiwa mapya na yanang'aa. Baada ya hapo ndege hukaguliwa kila mwaka, na sheria yampa mjenzi nafasi ya kupata leseni ya kuikagua yeye mwenyewe. Basi yule asiyehitaji kusoma ndiye anayeulizwa kama maandishi yangali yanasomeka!

Lakini tukisifu maandishi yasiyofutika, tuangalie tusisifu kupita kiasi. Maana kudumu ni kitu kimoja na kuwa kweli ni kitu kingine. Swichi ya pampu ya petroli huenda ikageuzwa miaka mitatu baadaye iwe ya taa ya kutulia, kwa sababu mwenye ndege alihamisha nyaya. Kama maandishi yalikuwa ya utepe, atayabandua. Kama yalichongwa kwenye ubao mzima, atasema ni kazi kubwa mno kuubadili ubao kwa neno moja, ataliacha, akijiambia kwamba yeye anajua. Sasa neno lililochongwa linasema uongo, nalo lasema kwa sauti ile ile ya utulivu lililosemea kweli. Uongo ulioandikwa kwa penseli huamsha mashaka; uliochongwa huaminiwa. Kwa hiyo naona walio na busara ni wale wanaochonga kila neno katika kibao chake kidogo na kukifunga kwa skrubu mbili. Hakitoki kwa kidole wala kwa jua, bali hutoka kwa bisibisi ya mtu aliyekusudia.

Iko na habari nyingine ya kale, ya kusikitisha, juu ya maandishi yaliyodumu vibaya. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza na baadaye, namba za saa na za vipimo vya ndege zilipakwa rangi yenye redio, yaani madini ya radiamu, ili zing'ae gizani. Katika mji wa Orange, jimbo la New Jersey, wasichana waliajiriwa kuzipaka, nao walifundishwa kuichonga ncha ya brashi kwa midomo yao. Waliambiwa haidhuru. Baada ya miaka michache meno yao yaling'oka, mifupa ya taya ikaoza, wengi wakafa. Mwaka 1927 Grace Fryer na wenzake wanne waliishtaki kampuni, na mwaka 1928 wakalipwa kwa mapatano. Sasa tazameni: ile dawa iliyochanganywa na radiamu ili itoe nuru huchakaa kwa miaka kadhaa tu, na namba huzimika, lakini radiamu yenyewe huchukua miaka 1600 hivi kupungua nusu. Vipimo vya namna hiyo vingaliko katika makabati ya watu wanaokusanya vitu vya kale. Nuru iliyokusudiwa kumsaidia rubani imekwisha kufa, sumu ingaliko. Basi anayesema maandishi yake yatadumu aulizwe pia ni sehemu gani yake itakayodumu, na ni nani aliyelipa.

Yuko mtu mmoja katika habari hizi ambaye husahauliwa, naye ni mwenye ndege wa katikati: aliyeinunua kwa mjenzi, akairusha miaka kadhaa, akamwuzia mwingine. Sisemi juu ya mtu fulani, nasema juu ya wote wa hali hiyo. Siku ya kwanza alipokaa katika kiti alishangaa kwamba swichi hii haina jina. Akamwuliza mjenzi, akaambiwa. Mwezi wa pili hakuuliza tena. Mwaka wa pili hakuona tena kwamba pana upungufu, maana mazoea yalikuwa yameziba tundu. Mjenzi hakuwahi kuwa mgeni wa ndege yake, kwa hiyo ni vigumu kwake kujua mgeni anakosa nini. Lakini huyu wa katikati alikuwa mgeni kweli, aliijua haja ile kwa siku thelathini, kisha akaiacha ipotee. Mimi namwona ana deni kubwa kuliko anavyodhani, kwa kuwa yeye peke yake alipata mafunzo ya pande zote mbili.

Kwa hiyo ningependa kila mwenye ndege ya namna hii, kabla ya kuruka mara ya kwanza na kabla ya kuuza, amtafute rubani asiyeijua ndege yake, amketishe katika kiti, amfunge mikanda, kisha amwambie mambo matatu manne upesi upesi: Funga petroli. Washa pampu. Nionyeshe tangi la kushoto lina galoni ngapi. Yeye mwenyewe asimame nje, mikono mfukoni, wala asitoe sauti. Mgeni akisitasita, mkono ukielea hewani ukitafuta, ulimi wa mwenye ndege utawasha sana kusema, Hapo, hapo, chini kidogo! Asiseme. Amngoje ashuke, amshukuru, ndipo achukue bisibisi.